Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Mpaka leo nikipita mbele ya ofisi ya serikali na kuona mawe yaliyopangwa kando ya njia na kupakwa chokaa, nageuza uso. Mke wangu huniambia kwamba mawe hayo hayajanikosea kitu, na ni kweli hayajanikosea. Lakini hasira yangu ilianzia kwenye mawe, na imebaki hapo hapo.

Nitaeleza mambo kwa mpangilio wake, kama nilivyofundishwa kuandika ripoti.

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa karani mdogo katika ofisi moja mjini Bukoba iliyoshughulikia mambo ya uvuvi. Mara tatu kwa juma nilikwenda Kemondo kwa baiskeli, nikasimama mwaloni wakati mitumbwi inapofika, nikaandika ni samaki gani wamevuliwa, wana urefu gani, na wamenaswa kwa nyavu za matundu ya ukubwa gani. Nilipanga chumba Nshambya kwa mjane mmoja Mlutheri ambaye hakuruhusu shati langu la kazi lipite mlangoni. Nililitundika nje kwenye mti wa parachichi. Kwetu hasa ni Muleba, upande wa Rubya, ambako mama aliishi peke yake kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa alilotuachia baba.

Huko mwaloni ndiko nilikomfahamu furu. Ni samaki mdogo, upana wa kiganja, na wavuvi hawakumheshimu. Walimwita mla watoto, kwa sababu furu jike akivuliwa mara nyingine hutapika vifaranga mtumbwini, hai, vidogo kama mbegu za ulezi. Mimi nilikuwa na tabia ya kutoamini jambo mpaka nilione mwenyewe. Nilichukua jike mmoja mwenye koo lililovimba, nikamweka kwenye ndoo nyuma ya chumba changu, nikamtazama kila asubuhi kabla ya kazi. Kwa siku kumi na mbili hakula chochote. Siku ya kumi na tatu alifungua kinywa, vifaranga vikatoka, vikaogelea kumzunguka. Nilipogonga ndoo kwa ukucha, vyote vilirudi kinywani mwake. Kumbe hakuwa akiwala watoto wake. Alikuwa amewabeba. Niliandika ukurasa mzima juu ya jambo hilo, nikampa mkuu wetu, Mzungu ambaye watu wote walimwita Bwana Samaki.

Lazima niseme kwamba Bwana Samaki hakuwa mtu mbaya. Alisoma ukurasa wangu mpaka mwisho, na hilo halikuwa jambo la kawaida. Miezi miwili baadaye alituita wawili, karani mkuu na mimi, akatuonyesha sanduku la kioo lililokuwa limeshuka na meli asubuhi ile: urefu wake futi mbili na nusu, upana futi moja, kina futi moja na robo, lenye fremu ya chuma. Alisema kwamba kwenye maonyesho ya kilimo Bwana PC, mkuu wa jimbo zima, angekuja kutoka Mwanza, na wakama wote, watawala wetu wa jadi, wangekuwapo, naye alitaka watu waone samaki wa ziwa lao wakiishi kama wanavyoishi chini ya maji. Kazi hiyo alinipa mimi. Kisha akasema kwamba ng'ambo ya ziwa kulikuwa na chuo cha uvuvi, mafunzo ya miaka miwili, na ofisi yetu ilikuwa na nafasi moja. Kama sanduku lingependeza, angenitaja kwa Bwana PC pale pale, mbele ya kioo.

Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Karani mdogo asiye na chuo angepima samaki wa watu wengine mpaka ang'oke meno. Nilitaka kujua, si kupima tu.

Nilianza na mawe. Mawe yale nilikwenda kuyatafuta Kemondo, mahali ambapo mawimbi yanapiga mwamba, na sikuchukua la kwanza nililoliona. Nilijiwekea masharti nikayaandika kwenye daftari. Yote yawe ya mwamba mmoja, rangi moja, ili yaonekane yamevunjika kutoka jiwe moja. Mistari ya mwamba ielekee upande mmoja, kama ilivyo ziwani. Pawe na jiwe moja kubwa, mawili ya kati, na mengine madogo ya kuegemea. Na yawe na ule utando wa kijani unaoteleza, kwa kuwa furu huukwangua kwa meno na kuula. Jiwe lisilo na utando kwake ni sahani tupu. Niliyafunga kwenye magunia mabichi ili utando usikauke, nikayasukuma kwa baiskeli hadi Nshambya kwa safari tatu.

Yalihitaji pia kitu cha mti. Ufukweni kuna magogo, lakini nilikuwa na mti wangu kichwani. Baba alipokufa, mmoja wa mibuni yake ya zamani ya kahawa ulikuwa umeshakauka, na mama alikuwa ameuacha umesimama tu. Jumamosi moja nilipanda lori la kahawa hadi Muleba, nikamwomba. Aliniuliza ni wa nini. Nilipomweleza, alicheka akasema kwamba baba angefurahi kusikia kwamba mbuni wake unakwenda kuonana na PC. Niliuchimba nikapata shina fupi lenye mizizi mitano iliyopinda kama vidole vinavyoshika kitu.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, nilichora uwanjani mstari wa ukubwa wa sanduku kwa ncha ya jembe, nikaokota mawe ya pale nyumbani, nikajaribu. Niliweka jiwe kubwa katikati, mbuni juu yake, mengine pande mbili sawasawa. Niliangalia, sikupendezwa, na sikujua kwa nini. Mama alitoka na mzigo wa nyasi mpya za kutandika ndani, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili na wageni wangekuja. Alikuwa hodari wa kutandika. Wanawake wa kijiji walimwita kwenye harusi amalize kazi ya wengine. Alisimama juu ya mchoro wangu.

"Tata," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "mgeni anasimama wapi hapa?"

Nikamwambia hakuna mgeni, ni samaki.

"Anayetazama ni mgeni. Wewe umemjengea ukuta usoni."

Aliweka nyasi chini, akalisogeza jiwe kubwa kwa mguu mpaka likakaa nyuma, upande wa kushoto. Akaniambia niangalie nyumba yetu. Unapita njia nyembamba kati ya migomba, unatokea uwanjani penye nafasi, kisha nyumba iko mbele yako, lakini mlango wake una giza na huoni yote yaliyo ndani. Hivyo mgeni anataka kuingia. Alivyosema ndivyo nilivyopanga. Jiwe kubwa nyuma kushoto likawa nyumba. Mawili ya kati yaliegemea kulia kwake na kuacha pango la upana wa ngumi. Mbuni ulitoka nyuma ya jiwe, mizizi ikashuka mbele ya pango kama paa la nyasi. Mbele kulia, mchanga mtupu: uwanja. Niliposimama mbali nikatazama, nilitaka kuingia.

Niliporudi Nshambya nilirudia mpango huo kwa mawe ya Kemondo, nyuma ya chumba, kwa siku nne, nikichora kila sura niliyoipata ili nisiisahau. Mbuni niliuzamisha kwenye pipa, na maji yaliyogeuka rangi ya chai niliyamwaga kila asubuhi, mpaka siku yalipobaki maangavu na mti ukaacha kuelea. Kisha nilipanga ndani ya sanduku, kwenye veranda ya ofisi. Blanketi lililokunjwa liliwekwa chini ya kioo. Mawe makubwa yaliwekwa kwanza, moja kwa moja sakafuni, ndipo mchanga ukamwagwa kuyazunguka. Ukianza na mchanga, furu wanachimba chini ya jiwe na siku moja linaanguka na kuvunja kioo. Mchanga niliuinua nyuma na kuushusha mbele ili uwanja uonekane mrefu kuliko ulivyo. Maji yalitoka ziwani. Niliweka madume wawili na majike watatu.

Hapa ndipo anapoingia karani mkuu.

Alikuwa Mhaya mwenzetu, mtu wa makamo, msafi kupita kiasi. Kola yake ilikuwa ngumu kama bati. Yeye ndiye aliyesimamia wafungwa wanaoletwa kila mwezi kupaka chokaa mawe ya njia yetu, kuanzia barabarani hadi kwenye mlingoti wa bendera, na alipita nyuma yao akilinyoosha kila jiwe kwa ncha ya kiatu. Aliamini kwa moyo wote kwamba kitu cha serikali hujulikana kwa weupe wake. Alikuja verandani, akainama mbele ya kioo, akanyoosha kidole kwenye utando wa kijani.

"Kijana, uchafu huu utautoa lini?"

Makarani wengine walikuwa wamejaa pale kutazama samaki. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimesifiwa na Bwana Samaki asubuhi ile.

"Huo si uchafu, waitu," nilimjibu, kwa neno letu la heshima lisilo na heshima ndani yake. "Ni chakula. Nikikutia humo siku mbili bila ndizi, utauramba mwenyewe."

Walicheka wote. Tarishi alicheka mpaka akakaa chini. Karani mkuu alifuta kidole chake kwa leso, ingawa hakuwa amegusa kitu, akarudi ofisini. Naandika jambo hili kwa sababu ripoti isiyo na kosa la mwandishi wake si ripoti. Ningeweza kumweleza kwa dakika tano, kwa heshima. Sikumweleza.

Siku kumi na mbili kabla ya maonyesho, jike mmoja, yule mwenye doa jeusi ubavuni, aliacha kula, na koo lake likavimba. Akaingia kwenye pango chini ya mbuni wa baba, akakaa. Nilihesabu siku. Kama angefanya kama yule wa ndooni, angefungua kinywa siku ya maonyesho yenyewe au kesho yake, na Bwana PC na wakama na wavuvi wa Kemondo wangeona kwa macho yao vifaranga vikitoka na kurudi kinywani. Nilimwonyesha Bwana Samaki. Alipiga magoti verandani, akatazama kwa muda mrefu, akaniambia nianze kufikiria ni nguo gani nitakazochukua kwenda chuoni.

Siku moja kabla ya maonyesho nilikwenda Kemondo kuchukua pipa la maji mapya. Niliondoka saa moja asubuhi. Lori lililonirudisha lilichelewa, nikafika ofisini saa tisa.

Nilichokiona kwanza ni weupe. Mawe yangu yote yalikuwa yametolewa, yamesuguliwa kwa brashi ya chuma, na kupakwa chokaa. Yalikuwa yamerudishwa kwa mstari mmoja ulionyooka katikati ya sanduku, kubwa katikati, kisha madogo, kisha madogo zaidi, kulia na kushoto sawasawa. Mchanga ulikuwa umesawazishwa kama meza. Na mbuni wa baba, mizizi yake mitano, ulikuwa mweupe kutoka juu hadi chini, umesimamishwa katikati kama mlingoti. Chokaa ilikuwa haijakauka sawasawa ilipoingizwa majini. Maji yalikuwa kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Furu walikuwa juu, wakifungua na kufunga vinywa vyao kwenye hewa. Mmoja alikuwa ameshalala ubavu. Nilitumbukiza mikono mpaka viwikoni, nikawatoa mmoja mmoja, nikawatia kwenye pipa la maji ya Kemondo. Yule mwenye doa nilimshika wa mwisho. Alifungua kinywa mkononi mwangu na vifaranga vikamwagika kati ya vidole vyangu, vingi, vyote vyeupe. Hakuna hata kimoja kilichoogelea. Yeye mwenyewe aliishi kwenye pipa kwa muda usiozidi dakika kumi. Wengine walimfuata kabla ofisi haijafungwa.

Wafungwa wawili walikuwa bado verandani, wanaosha brashi. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba walisita, kwa kuwa waliona maji yakibadilika, lakini waliambiwa wamalize. Karani mkuu alitoka mlangoni. Ngozi ya mikono yangu ilikuwa inawaka kwa chokaa.

Nilimuuliza kwa nini.

"Nimekusaidia, kijana," alisema. "PC anakuja kesho. Ulitaka aone jalala?"

Nimeyageuza maneno hayo kichwani kwa miaka mingi, nikitafuta kama yalikuwa ya kweli au ya kisasi. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Nadhani mwenyewe hakujua. Kama ni kisasi, kilikuja kimevaa usafi, na usafi wake haukuwahi kuulizwa swali na mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: kwamba alikaa miaka hamsini kando ya ziwa hili, akala samaki wake, na alipotaka kulipendezesha mbele ya mgeni alichojua ni kulipaka rangi ya njia ya ofisi. Sisi tulifundishwa hivyo, nikafundishwa nami. Wazungu hawakumtuma. Hakuna aliyemtuma.

Bwana Samaki alipofika alishika kichwa. Hapakuwa na muda wa kupata samaki wengine na kuwazoesha. Aliamuru sanduku lisafishwe na lipelekwe hivyo hivyo kwenye maonyesho, kwa sababu lilikuwa limeshaandikwa kwenye ratiba ya Bwana PC. Usafi huo aliusimamia karani mkuu. Maji yakabadilishwa, mawe yakabaki.

Kesho yake Bwana PC alipita na msafara wake, akasimama mbele ya kioo chenye mawe meupe na maji matupu, akauliza ni kitu gani. Nilikuwa hatua mbili nyuma. Bwana Samaki alisema kwamba ni cha kuwafundisha wananchi kuhifadhi maji safi. Bwana PC akasema safi sana, akasogea kwenye mikungu ya ndizi. Baadaye, chini ya turubai ambako Wazungu walikuwa wanakunywa chai, nilisikia Bwana Samaki akiwasimulia habari ya chokaa, nao wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Alikuwa msimuliaji mzuri. Aliigiza hata mwendo wa karani mkuu.

Nilimsubiri mpaka alipotoka pale, nikamwambia ukweli ambao alikuwa anaujua: mawe sikuyapaka mimi.

"Najua," alisema. "Lakini sanduku lilikuwa lako."

Akaeleza kwamba hangeweza kumtaja mtu mbele ya kioo kitupu. Labda mwaka unaofuata. Alinipiga begani, akarudi kwenye chai.

Jioni ile ile nilitoa mbuni sandukuni bila kumwomba mtu ruhusa, nikaufunga kwenye gunia, nikapanda lori la mwisho kwenda Muleba. Mama hakuniuliza kitu mpaka asubuhi, baada ya kutoka kanisani. Tulikaa uwanjani na visu viwili, tukaukwangua. Alipouliza ni nani aliyefanya hivi, nilimjibu kwamba ni mtu wa kwetu. Alipouliza habari ya yule samaki mzazi, nilimweleza alivyofungua kinywa mkononi mwangu. Aliweka kisu chini, kisha akakichukua tena. Sehemu nyingi zilitakata, lakini kwenye mikunjo ya mizizi weupe ulibaki, nao haukutoka kwa kisu wala kwa majivu.

Jumatatu nilikuta fomu mezani kwangu. Kila samaki wa ofisi akifa ilibidi iandikwe sababu, na fomu ipite kwa karani mkuu kabla ya kwenda kwenye faili. Nilijaza tarehe, aina, idadi: furu watano wakubwa, vifaranga visivyohesabika. Kwenye sababu niliandika neno moja, chokaa, nikaipeleka.

Ilirudi baada ya robo saa, karani mkuu mwenyewe akiwa ameishika. Alifunga mlango nyuma yake. Alisema niandike kwamba sababu haijulikani. Nilimwambia inajulikana. Akaegemea meza yangu kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza niliona kola yake imelegea.

"Sikiliza, mwanangu. Neno hili likienda kwenye faili, jina lako halitatoka tena kwenye ofisi hii kwenda popote. Si chuoni, si Mwanza, si popote. Futa, na mwaka ujao mimi mwenyewe nitakupendekeza."

Nilijua anasema kweli. Kila barua ya mapendekezo ilipita mkononi mwake, na Bwana Samaki alikuwa karibu kwenda likizo kwao. Alikuwa ananirudishia nafasi yangu, mezani pale, kwa neno moja.

Nilichukua fomu mpya, kwa kuwa ile ya kwanza alikuwa ameikunja. Nikajaza tarehe, aina na idadi kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Kwenye sababu nikaandika tena: chokaa. Nikaongeza: ya ofisi. Nikaipiga mhuri nikamkabidhi.

Jina langu halikutoka. Nilipima samaki wa Kemondo kwa miaka sita zaidi, mara tatu kwa juma, na kila mwezi wafungwa waliletwa na ndoo zao, wakapaka mawe kuanzia barabarani hadi mlingotini.